Nilimfunga Mama Mkwe Plasta Uani, Mkono Ukafa

Mimi ndiye niliyemharibia mama mkwe wangu mkono. Nalitanguliza hilo ili usije ukasoma huku unanionea huruma. Hakuna mchawi, hakuna bahati mbaya, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Ni mimi!

Jina langu naomba nisilitaje. Naishi Chang'ombe, hapa Dodoma. Nafanya kazi hospitali, chumba cha plasta. Mtu akivunjika, daktari anaangalia picha, anaamua mfupa unyooshwe vipi, mimi nalowesha bandeji za POP, zile zenye unga wa plasta unaoganda, na kufunga. Muda wake ukifika, nakata na kuzitoa. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ni kazi ya heshima. Laiti ningeiona hivyo tangu mwanzo!

Tatizo lilianza siku ya posa. Mshenga wangu, mtu mwenye mdomo mtamu, aliwaambia wazee wa ukweni, "Kijana wetu ni daktari wa mifupa." Nilikuwa nimekaa pale pale, nimeinamisha shingo. Nilimsikia. Ningeweza kumsahihisha, hata kwa utani. Nikanyamaza. Wale wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mimi, jamani, nikajiona nimekua.

Tangu siku hiyo ukweni mimi ni daktari. Mtu akikanyagwa na ng'ombe, napigiwa simu. Bibi akiumwa kiuno, napigiwa simu. Mke wangu, nitamwita Debora, nilimweleza ukweli baada ya ndoa. Alicheka tu. "Si uwaambie basi, Baba Faraja." Nikasema nitawaambia. Sikuwaambia.

Sasa mama yake. Kijiji chao kiko upande wa barabara ya kwenda Mtera. Ni mama wa Kigogo mwenye haya zake na heshima ya ukwe ya zamani. Akija kwangu hali chakula mbele yangu. Hanitazami usoni. Mimi nikimwambia shikamoo mama, anaitikia huku anaangalia mlango. Lakini kanisani kwao ni mtu mwingine kabisa. Kwaya ya akina mama ilikuwa haianzi mpaka yeye akae, abane ngoma mapajani na kuipiga kwa mikono miwili mpaka vumbi linyanyuke. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Ndiyo maana yananiuma.

Siku hiyo aliletwa na kaka yake Debora, Ezekia, kwenye lori lililokuwa linapeleka mtama soko la Majengo. Alikuwa ameteleza akiteremka kutoka kwenye kichanja cha kukaushia mazao, akaangukia mkono. Mkono wa kulia. Umefungwa khanga shingoni, umevimba, umepinda kidogo juu ya kiganja. Kwa kuuangalia tu nilijua umevunjika.

Ezekia alikuwa na furaha, ungesema ameshafika salama. "Shemeji, mzigo wako huo. Mpeleke hospitalini kwako. Wakijua ni mama mkwe wa daktari, hata benchi hakai!"

Kichwani nilimwona mama mkwe akiingia chumba cha plasta, anamkuta "daktari" wake amevaa eproni ya plastiki, ameshika ndoo ya maji, anatumwa na vijana wadogo. Nilisikia wenzangu wakiniita fundi mbele yake.

"Hospitali leo foleni mpaka nje," nikasema. "Mama ataumia bure kwenye benchi. Mimi mwenyewe nitamhudumia hapa hapa."

"Unaona raha ya kuwa na mtu wako?" Ezekia akamwambia mama yake. Akaparamia lori, akaondoka.

Debora alinifuata ndani. "Baba Faraja, bila picha?"

"Mifupa mingapi nimeshaishika?" nikamjibu. Akaenda kumtafutia mama kigoda. Alikuwa ananiamini.

Nilikwenda kazini nikachukua bandeji za POP, nikazitia kwenye begi. Pamba ya kutandika chini ya plasta nilipata kipande kidogo, nyingine zilikuwa zimefungiwa stoo. Nikasema itatosha. Nikarudi nyumbani.

Uani, mchana kweupe, nikamkalisha mama mkwe kwenye kigoda. Aligeuza uso ukutani akanipa mkono. Kushikwa tu na mkwe wake ilikuwa aibu kubwa kwake! Debora alimshika begani, mimi nikavuta mfupa. Hakulia. Alitoa sauti ndogo puani, basi. Nikafunga.

Hapa ndipo wenzangu wa kazi watanielewa. Mkono mbichi, wenye uvimbe, haufungwi mzunguko mzima. Unawekewa plasta ya upande mmoja, unashikizwa na bandeji laini, ili uvimbe ukipanda upate pa kwenda. Kila mtu wa chumba cha plasta analijua hilo. Mimi nalijua kuliko jina langu. Lakini sikuwa na picha, niliogopa mfupa ungehama nikaumbuka. Na tena nilitaka uonekane umemalizika, uonekane wa daktari. Nikazungusha POP kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Ikakauka nyeupe, laini, ukigonga inalia kama ukuta. Nikajisifu!

Asubuhi Debora aliniambia mama hajalala. "Anasema ndani kunawaka moto. Anasema plasta inamla."

"POP mpya hubana. Ainue mkono, anywe panadol."

Nilipokwenda kumwona aliukusanya mkono kwenye khanga harakaharaka, nisiuone. Nikamwuliza, "Mama, unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, baba."

Nikamwomba vidole. Vilikuwa vimejaa, vinang'aa, rangi yake siyo. Nikabonyeza kucha, damu haikurudi. Nikajaribu kukinyoosha kidole kimoja kidogo tu, akaruka kwenye kigoda.

Nilijua! Naomba ulisome neno hilo mara mbili. Nilijua pale pale kwamba mkono ule unakufa ndani ya plasta yangu. Mkasi wa kukatia ungetosha. Hata kisu cha jikoni na maji ya uvuguvugu vingetosha. Lakini nikifungua, mfupa unahama. Mfupa ukihama, ni hospitali. Hospitali, ni kuumbuka. Nikajiambia uvimbe utashuka jioni. Nikavaa viatu nikaenda kazini.

Nikashinda nafunga watu wengine plasta. Nawauliza, "Vidole vinacheza? Ukisikia ganzi rudi haraka, usisubiri kesho." Ulimi huu huu!

Mchana Debora akapiga. "Mama hasikii vidole tena. Ametulia, hata haumwi kama asubuhi. Nachukua bajaji namleta hapo kwako."

"Usimtoe nyumbani! Nakuja."

Aliposema haumwi tena nilielewa. Maumivu yakiisha namna ile siyo nafuu, ni nyama imeanza kufa. Nikaomba ruhusa, nikadanganya mtoto anaumwa, nikaficha mkasi mkubwa wa plasta chini ya koti. Nilipoikata ile POP pale uani, ngozi ya chini ilikuwa imejaa malengelenge, baridi. Debora alitazama mkono, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile.

Tulimkimbiza hospitali nyingine, siyo ninayofanyia kazi. Daktari, dada mmoja mwenye haraka, akauliza, "Nani alimfunga huyu?"

Debora akanigeukia. Mama mkwe naye, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, alinitazama usoni. Nilikuwa na nafasi. Pumzi moja tu ilihitajika.

"Amekuja hivyo kutoka kijijini," nikasema.

Daktari akamgeukia mama. "Ni kweli, mama?"

Akarudisha macho mlangoni. "Ndiyo, mwanangu."

Wakamwingiza chumba cha upasuaji. Mkono ulipasuliwa kutoka karibu na kiwiko mpaka kwenye kiganja, kupunguza mgandamizo, na ukaachwa wazi. Baadaye walitoa ngozi pajani wakabandika. Daktari alituambia nje, bila kutuzungusha, kwamba mkono wameuwahi usikatwe, lakini misuli mingi imeshakufa na vidole havitarudi.

Ezekia alipokuja kumwona mama yake nilikuwa nimeshaandaa uongo mwingine. Yeye nilimwambia nilimpeleka mama hospitalini kwangu kesho yake, nikaitwa pembeni, mwanafunzi wa mazoezi akamfunga vibaya, mimi ndiye niliyegundua na kumwahisha huku. Akanikumbatia wodini. Akalia begani kwangu!

Basi hapo nikawa nimefungwa pande zote. Daktari ana uongo wake, Ezekia ana wake. Kila saa ya kuona wagonjwa nilikuwa nafika wa kwanza na kukaa katikati yao. Ezekia akitaka kumwuliza daktari jambo, namjibu mimi. Daktari akisogea kitandani, namtuma Ezekia maji. Debora aliniangalia tu nikihangaika vile. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama yake alimwita akamwambia, "Usije ukavunja nyumba yako kwa ajili ya mkono wangu." Akamkataza kusema. Binti akatii.

Aliporuhusiwa alikaa kwetu, na kidonda nilikisafisha mimi. Nani mwingine? Si mimi ndiye daktari! Kila siku nikawa nalainisha kwa maji ya chumvi kitambaa cha gozi kilichoganda kidondani, nakibandua taratibu, nasafisha, nafunga upya. Mama wa watu, aliyekuwa hawezi hata kula mbele yangu, sasa ananipa nyama yake wazi niiguse.

Siku moja gozi ilishika sana. Nikamwambia, "Mama, ikiuma sema."

Akajibu taratibu, anaangalia pembeni kama kawaida yake. "Nilisema, baba. Nilimwambia Debora. Wewe nilikuonea haya."

Nilimaliza kufunga sijui kwa mikono ya nani. Nikatoka nje, nikashika ukuta.

Alirudi kijijini na mkono uliojikunja kama umeshika kitu. Baada ya mavuno tukaitwa. Nilitafuta visingizio, nikakosa. Kumbe wamepanga shukrani, baada ya ibada! Nilipoteremka tu, wazee kwa vijana wakanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, daktari!" Nikakalishwa kiti cha mbele. Ezekia akasimama akasimulia jinsi shemeji yake alivyomwokoa mama mikononi mwa wanafunzi wasiojua kazi. Watu wakapiga vigelegele. Wakaniletea mbuzi.

Akina mama wakaanza kuimba. Ngoma ya mama mkwe ilibanwa na mwanamke mwingine. Yeye alikaa mwisho wa mstari, mkono umefichwa chini ya khanga, anaitikia kwa kichwa. Kisha wakanitaka niseme neno. Nikasimama. Nikasema, "Namshukuru Mungu." Mungu yupi huyo niliyekuwa namshukuru?

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa adhabu. Thubutu!

Asubuhi moja nikasikia gari ndogo ya mizigo inasimama getini. Nje, Ezekia. Nyuma ya gari, kwenye godoro, mke wake Anjela, ameanguka na bodaboda. Mguu umefungiwa vijiti kwa khanga, goti linaangalia huku na unyayo kule. Midomo imekauka, anatetemeka.

"Shemeji, nimekuletea," Ezekia akasema. "Watu wamenisumbua njia nzima, mpeleke hospitali, mpeleke hospitali. Nikawaambia hospitali siendi. Mfunge hapa hapa."

"Ezekia, huu ni wa hospitali. Huu unahitaji picha, labda na chuma."

"Wakamfanye kama mama?"

"Siyo wote wako vile."

"Wewe mwenyewe ulisema!" Akapandisha sauti. "Ulisema mwanafunzi alimharibu mama. Mke wangu sitampa mwanafunzi. Nina daktari wangu."

Nilijaribu kila njia. Nikasema sina vifaa. Akasema atasubiri nikavilete. Nikasema nitawasindikiza mwenyewe. Akasema ulimsindikiza mama pia, ukaitwa pembeni. Kila mlango niliogusa nilikuta nimeshaufunga mwenyewe kwa uongo wangu! Anjela akalia kule nyuma, "Daktari, nisaidie." Nikaangalia unyayo wake. Rangi imeanza kupauka.

Debora alikuwa amesimama kwenye kizingiti. "Baba Faraja," akasema. Hilo tu.

Nikasema. Sijui niliyapanga vipi, yalitoka ovyo. "Mimi siyo daktari. Sijawahi kuwa daktari. Nafunga plasta. Mama hakufungwa na mwanafunzi, hajawahi kufika hospitalini kwangu. Nilimfunga mimi, hapo uani. Aliumia, nikaona, nikaenda kazini."

Ezekia alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Unasema nini, shemeji?"

Nikarudia. Dereva wa gari aliangalia chini. Ezekia akamgeukia dada yake. "Ulijua?"

"Mama alinikataza."

Nilijiandaa kupigwa. Nilitaka kupigwa, nisikufiche. Hakunigusa. Alifungua mlango wa mbele, akasema kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kumsikia, "Panda. Tupeleke huko unakofanya kazi."

Tulipofika tu mapokezi mwenzangu akanipigia kelele, "We fundi, leo si zamu yako!" Ezekia alisikia. Hakugeuka. Alimshika mkewe mkono, wahudumu wakamsukuma ndani kwa kitanda. Nilibaki kwenye kibaraza, na sikuwa na kazi yoyote pale.

Anjela alipigwa picha, akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Leo anatembea, anachechemea kidogo asubuhi, anapika, anakwenda kisimani. Daktari alisema wangechelewa zaidi mguu ungekuwa habari nyingine. Nashukuru. Hapo nashukuru kweli.

Nilimfuata mkuu wangu wa kazi nikamweleza yote, pamoja na vifaa nilivyobeba. Nimeondolewa chumba cha plasta, nasubiri kuitwa kwenye kikao. Mpaka naandika hapa sijaitwa. Naamka, naoga, nakaa. Majirani wananiuliza likizo inaisha lini.

Kisha nikaenda kijijini kuomba msamaha. Nilipiga magoti mbele ya mama mkwe. Alikuwa anachambua karanga kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umekandamiza ungo usiteleze.

"Nilikusamehe siku ile ile, baba," akasema. Halafu akaongeza, na safari hii alikuwa ananitazama machoni, "Lakini nilikunyamazia ili binti yangu asirudi nyumbani. Sasa amerudi. Basi nimenyamaza bure."

Ndiyo, Debora yuko kule na Faraja. Alisema anakwenda kumsaidia mama yake kulima. Kulima kumekwisha, na hajarudi. Nikipiga simu anapokea, ananiambia mtoto hajambo, kisha anakata. Nyumba ninayo, simu ninayo, miguu ninayo. Sina pa kwenda!

Wewe unayesoma, kama umefungwa POP na ndani kunauma kuliko mwanzo, vidole vimevimba, vimepoa, vimebadilika rangi, ukivinyoosha unaruka, au ganzi imeingia, usiambiwe uvumilie. Usimwonee haya aliyekufunga, awe mkwe, awe mchungaji, awe nani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na maumivu yakikatika ghafla huku vidole havisikii, kimbia zaidi.

Na wewe mwenye jamaa hospitalini, mwulize kazi yake hasa ni ipi, na usikubali kutibiwa uani kwa sababu ni mtu wenu.

Na wewe ndugu yangu wa kazi, fundi mwenzangu, uliyeitwa cheo usichokuwa nacho ukatabasamu. Kataa leo, wakati bado ni jambo la kuchekesha. Na kama umeshamfunga mtu na anakuambia inabana, usitafute maneno. Fungua. Aibu utaikuta baadaye, nayo utaimaliza. Wewe fungua!